Upembuzi wa Mada na Wasiwasi wa Wananchi juu ya Mashine Zinazozungumza

Makala haya yanakusudia kueleza asili na maana ya istilahi moja ambayo sasa inawafikia wafasiri wetu mara kwa mara katika taarifa za kitaalamu, nayo haijapata jina moja la Kiswahili. Ni njia ya kuipa kompyuta rundo kubwa la maandishi ya watu, ikayagawa yenyewe kwa mada, bila ya kuambiwa mapema mada hizo ni zipi. Mfasiri mmoja ataandika "modeli ya mada", mwingine "uchanganuzi mada", na wa tatu atauacha msemo wa kigeni kama ulivyo na kuendelea na kazi yake. Sisi tutatumia "upembuzi wa mada", na sababu yetu tutaieleza mahali pake.

Njia hii hutumiwa siku hizi, pamoja na mambo mengine, kutaka kujua watu wana wasiwasi gani juu ya chatiboti, yaani programu za kompyuta zinazomjibu mtu kwa lugha ya kawaida kana kwamba zinaongea naye. Maelfu ya maoni hukusanywa, humwagwa ndani ya mashine, na kinachotoka huwekwa mezani pa wale wanaotunga sheria na miongozo. Kwa hiyo suala hili si la wataalamu wa kompyuta peke yao. Neno lililotumiwa vibaya hapa laweza kumfanya mwananchi asisikiwe.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Ganako, katika nchi ya Karatu inayopakana na Ngorongoro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Msomaji asiyepafahamu yafaa ajue kwamba kutoka hapo, kwa safari isiyozidi siku moja, mtu aweza kusikia lugha za asili nne zisizo na undugu wa karibu. Wairaqw, walio wengi katika uwanda huo, husema lugha ya Kikushi. Wamasai wa Ngorongoro na Wadatoga husema lugha za Kiniloti. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wana lugha yao yenye vidoko, ambayo wanaisimu wa sasa hawaioni kuwa na jamaa yoyote inayojulikana. Na juu ya hizo zote kimetanda Kiswahili, Kibantu cha shule, cha soko la vitunguu la Mang'ola na cha ofisi ya kijiji. Udhaifu wa chombo cha kupima maneno huonekana upesi mahali penye maneno ya namna nyingi.

Kazi ya kupembua maoni ni kongwe kuliko kompyuta. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, wasomaji wa kila pembe ya Tanganyika waliliandikia barua na mashairi. Mhariri alikuwa na kurasa chache na karatasi nyingi. Ilimbidi azitenge: hizi zatoa habari, hizi zashindana kwa mashairi, hizi zauliza maana ya maneno. Hakuna aliyempa orodha ya mada. Aliipata kwa kusoma. Mhariri huyo alikuwa na faida moja ambayo mashine haina, nayo ni kwamba alielewa alichokisoma. Alikuwa pia na hasara moja ambayo mashine haina: alichoka, na pengine alikuwa na watu wake.

Mwaka 1949 padri Mjesuti wa Italia, Roberto Busa, alikwenda Marekani kumwona mkuu wa kampuni ya IBM akiomba msaada wa mashine za kadi ili apange kila neno lililomo katika maandishi ya Mtakatifu Thomas wa Akwino. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Watu wengi huitaja kuwa mwanzo wa kuitumia mashine kwa uchunguzi wa maandishi. Kwa upande wa Kiswahili, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuifundisha kompyuta muundo wa maneno yetu, na kutokana na juhudi hizo na za wenzake yalipatikana makusanyo makubwa ya matini za Kiswahili yanayotumiwa na watafiti hadi leo. La kusikitisha kidogo ni kwamba walimu wetu wengi hawajapata kuyasikia.

Nchini mwetu kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, yaani mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, baada ya hesabu za Serikali zilizotiwa katika mashine hizo kuleta matatizo badala ya nafuu. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye, na leo vijana huyataja kwa kicheko. Sisi hatuoni la kuchekesha. Mnamo Machi 2023 Italia, nchi yenye viwanda vyake, iliizuia ChatGPT kwa sababu ya mashaka juu ya taarifa za watu binafsi, na ikairuhusu tena mwishoni mwa Aprili. Ukiacha tofauti ya muda na ya sababu, matukio haya mawili ni ya aina moja: nchi imesimama mbele ya mashine na kuuliza nani atawajibika ikikosea.

Inafaa pia kukumbuka kwamba wasiwasi juu ya mashine zinazozungumza ulianza kwa mtu aliyeziunda. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa ikiyashika maneno fulani katika sentensi ya mtu na kumrudishia kama swali, kwa mtindo wa mganga wa maradhi ya moyo na akili. Haikuelewa lolote. Hata hivyo Weizenbaum alisimulia kwamba karani wake, aliyemwona akiiunda programu hiyo miezi kadhaa, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba yeye atoke chumbani. Jambo hilo lilimshtua. Mwaka 1976 alitoa kitabu cha kuonya kwamba ziko kazi ambazo kompyuta haifai kupewa hata kama inaziweza.

Sasa tuje kwenye tukio la nyumbani ambalo, kwa maoni yetu, kila mfasiri wa taarifa za maoni angepaswa kulijua. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi juu ya mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Watu 36,299 walitoa maoni. Kiasi cha asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee, na kiasi cha asilimia 21 walitaka vyama vingi. Kama kazi ingekuwa ya kuhesabu tu, ingeishia hapo. Lakini waliosoma maoni yale waliona kwamba sehemu kubwa ya wale waliosema "chama kimoja" walitaka kibadilike, na mabadiliko waliyoyataja yalikuwa mazito. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mtu aweza kukubali au kukataa uamuzi ule. Wapo waliosema wengi walipuuzwa. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba baina ya jibu la mtu na maana ya jibu hilo palikuwa na msomaji, naye alijulikana kwa jina, akaweza kuulizwa.

Upembuzi wa mada wa kompyuta, kwa namna unavyofahamika zaidi, ulielezwa mwaka 2003 na David Blei, Andrew Ng na Michael Jordan. Kabla yao, mwaka 1990, Scott Deerwester na wenzake walikuwa wameonyesha jinsi hesabu inavyoweza kugundua maneno yanayoelekea kufuatana. Na mwaka 2000 wataalamu wa elimu ya urithi walitumia hesabu inayofanana sana na ya 2003 kutenganisha asili za watu zilizochanganyika. Wazo lenyewe si gumu. Kila andiko huchukuliwa kuwa ni mchanganyiko wa mada kadhaa, kwa viwango mbalimbali. Kila mada nayo ni mkusanyiko wa maneno, baadhi yakiwa na uzito mkubwa, mengine mdogo. Mashine huanza kwa kubahatisha: neno hili nalitia mada ya kwanza, lile ya tano. Kisha hurudia tena na tena, kila mara ikilihamisha neno kulipeleka mahali ambapo wenzake wa andiko lile wamekusanyika, mpaka mihamo hiyo inapotulia.

Mkulima wa Karatu atauelewa mfano huu. Tuseme amepokea magunia yaliyochanganyika ngwara, mbaazi na mahindi, kila gunia kwa kiasi chake, na hajawahi kuziona nafaka hizo. Kwa kutazama tu ni punje zipi huelekea kuwa pamoja, aweza kukisia kwamba yapo mashamba matatu yaliyotoa magunia hayo, na gunia hili limetoka zaidi shamba la pili. Majina ya mashamba hawezi kuyajua. Hapo ndipo tulipolipata neno letu. Kupembua ni kazi ya ungo, kutenga chenga na mchele mzima kwa mtikiso wa mikono; ungo haujui uzuri wa mchele, mwenye kujua ni aliyeushika. "Uchanganuzi" huahidi ufahamu ambao mashine haina, na "modeli" haimwambii msomaji wa kawaida kitu.

Mambo mawili yaliyofichika katika kazi hii ni lazima yaelezwe. Kwanza, idadi ya mada huamuliwa na mtu. Akiiambia kumi, itatoa kumi; akiiambia arobaini, itatoa arobaini, kwa utii ule ule. Pili, jina la kila mada hutungwa na mtu baada ya kuyatazama maneno yenye uzito. Mashine ikitoa "mtoto, shule, jibu, mwalimu, mtihani", mmoja ataandika juu yake "udanganyifu wa mitihani" na mwingine "msaada wa masomo". Taarifa itakayofika wizarani itakuwa na jina hilo, si maneno yale matano. Siku hizi wapo wanaoiomba chatiboti yenyewe itunge majina ya mada, hata pale ambapo maoni yanayopembuliwa ni ya kuilalamikia. Tunaliacha hilo kwa msomaji.

Jambo jingine: katika njia hii mfuatano wa maneno hutupwa. Andiko huwa gunia la maneno tu. Kwa lugha ambayo maneno yake hayabadiliki sana, hasara hiyo inavumilika. Kwa Kiswahili hali ni tofauti, kwa kuwa sentensi yetu nzima yaweza kukaa ndani ya neno moja. "Naogopa", "waliogopa", "tusiogopeshwe" na "inavyoogofya" ni maneno manne mbele ya mashine, yasiyo na uhusiano. Ili kuyaunganisha, wataalamu huyakata viambishi yabaki mashina. Hapo hutokea hatari mpya. Ukikiondoa kiambishi cha mwanzo, "siogopi" na "naogopa" yote hugeuka "ogopa". Ukanushi, ambao lugha nyingine huubeba kwa neno la pekee, kwetu umo katika silabi iliyokatwa. "Nataka" na "sitaki" yatakuwa "taka", na "taka" hilo litakaa kando ya "taka" za jalala. Mwananchi aliyesema hataki atahesabiwa pamoja na aliyesema anataka, na hakuna atakayejua.

Ili jambo lionekane waziwazi tutunge maoni sita, kama ambavyo yangeweza kutolewa Ganako na jirani zake. Mzazi: "Naogopa mwanangu ataacha kufikiri, kila swali la shule anaiuliza mashine." Kijana: "Mimi mashine siiogopi, naogopa walioitengeneza." Mkulima wa Mang'ola: "Akili bandia ikinidanganya dawa ya vitunguu, nimdai nani?" Karani wa kijiji: "Akili unde imenisaidia kuandika barua, ila sijui barua yangu imebaki wapi." Mwongoza watalii: "Mgeni akishaiuliza mashine habari zote za kreta, mimi nimweleze nini?" Na mzee mmoja: "Haijui Kiiraqw."

Mzazi na kijana watawekwa pamoja kwa sababu ya kuogopa, ingawa mmoja anahofia chombo na mwingine anawahofia watu. Mkulima na karani, ambao wote wawili wanauliza habari ya uwajibikaji, watatenganishwa, kwa kuwa mmoja amesema "akili bandia" na mwingine "akili unde". Mzee huenda atatupwa kabisa, kwani andiko la maneno mawili halimpi mpembuzi cha kushika. Udhaifu wa njia hii katika maandishi mafupi unajulikana sana. Nasi kwa fikira zetu mzee ndiye aliyesema neno zito kupita wote.

Hapa ndipo kazi yetu ya istilahi inapohusika. Kwa jambo moja tu, hivi sasa magazeti na vitabu vina "akili bandia", "akili unde" na "akili mnemba", mbali na kifupisho cha kigeni kinachotamkwa herufi kwa herufi. Tumewahi kuyaona haya. Kompyuta yenyewe ilipewa majina ya "tarakilishi" na "ngamizi"; huku kwetu "kompyuta" ikashinda, na Kenya "tarakilishi" ikaendelea kuishi katika vitabu vya shule. Wakati ule hasara ilikuwa ndogo: mwanafunzi alijifunza maneno mawili badala ya moja. Sasa majina matatu yanagawa sauti ya wananchi katika mafungu matatu, kila fungu likionekana dogo.

Hata hivyo hatuwashauri wapembuzi kuyaunganisha majina hayo kabla ya kuyasoma maoni. "Bandia" katika masikio ya Mtanzania ni neno la noti bandia na dawa bandia. Anayelitumia pengine ameshatoa hukumu. "Unde", kutokana na kuunda, halina lawama ndani yake. "Mnemba" wengi hulijua kama jina la kisiwa karibu na Unguja kabla ya kulijua kama istilahi. Yawezekana, basi, kwamba watu wenye hofu zaidi huchagua neno la kwanza. Baraza, tangu lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, limesanifisha maneno ili watu waelewane. Halikuundwa ili kuufuta msimamo wa msemaji.

Kuhusu neno "wasiwasi" tuna la kuongeza. Taarifa nyingi za Serikali hutumia "kero". Lakini kero ni jambo linalomwudhi mtu sasa: bomba halitoi maji, barabara imekatika. Wasiwasi ni wa jambo lisilokuja bado au lisilojulikana. Hofu ni nzito zaidi, na mashaka ni ya mtu asiyeamini alichoambiwa. Mkenya aliyelipwa kusoma maandishi machafu ili chatiboti ifundishwe kuyaepuka, kwa ujira ambao jarida la Time liliripoti Januari 2023 kuwa chini ya dola 2 kwa saa, hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na kero, tena ya kila siku. Karani wetu anayeuliza barua yake imebaki wapi ana mashaka, na ana haki ya kujibiwa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Mfasiri akiwaweka wote chini ya neno moja, amefanya upembuzi wake mwenyewe kabla mashine haijawashwa.

Zipo njia mpya zaidi, zilizoenea tangu mwaka 2018 hivi, ambazo hazitupi mfuatano wa maneno, bali huyapanga maneno kwa ujirani wa maana uliojifunzwa kutokana na matini nyingi sana. Hizo huweza kutambua kwamba "unde" na "bandia" hutajwa mahali pamoja. Kwa Kiswahili zinafaa kwa kadiri ya matini tulizonazo, ambazo si haba lakini ni chache zikilinganishwa na za lugha kubwa za Ulaya. Kwa Kiiraqw matini ni kidogo sana, na kwa Kihadzabe ni kidogo zaidi.

Na hata zingekuwapo, bado lingebaki suala la jinsi watu wanavyosema. Katika mikusanyiko ya Wairaqw mzee hutoa slufay, maneno ya baraka yenye mpangilio wa kishairi, na waliohudhuria humwitikia. Mtu akinakili mkutano kama huo na kuutia katika mashine, baraka na viitikio, kwa jinsi vinavyorudiwa, vitatokea kuwa mada kuu, na hoja iliyowakutanisha watu itaonekana ni pembeni. Karani aliyezaliwa hapo angejua pa kuanza kuandika.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu na makarani wa Karatu, Mbulu na Ngorongoro, watuandikie majina ambayo watu wa kwao wameyatunga kwa mashine hizi, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za huko, pamoja na sentensi ambamo neno limesikika na umri wa msemaji. "Chatiboti" tumelitumia katika makala haya kwa muda tu. "Programu ya soga" tuliifikiria tukaiacha, kwa sababu soga ni mazungumzo ya kupitisha wakati, na mkulima anayeuliza dawa ya vitunguu hapigi soga.